Shajara ya chupa nyekundu: wiki saba za Campari kuelekea sherehe ya dada

Jumamosi, 6 Septemba

Dada kapiga simu jana usiku kutoka Padova. Tarehe 25 Oktoba yeye na shemeji wanatimiza miaka kumi ya ndoa. Ukumbi wa parokia umeshalipiwa, wageni ni kama 45: nusu ni ndugu na marafiki wa shemeji, nusu ni sisi Watanzania tuliotawanyika Milano, Verona na hukohuko Padova. Chakula kina wenyewe. Mimi nimekabidhiwa vinywaji vya mwanzo, vile ambavyo Waitaliano huvinywa kabla ya kukaa mezani ili tumbo liamke. Wanaviita aperitivo.

Nimekubali papo hapo, nikamwambia nataka kutumia Campari, ile pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, watu wetu watasema umewanywesha mwarobaini."

Basi hilo ndilo swali la mradi huu, na ndiyo maana nauandikia shajara. Sitaki kuificha Campari ndani ya juisi na sukari mpaka mtu asijue anakunywa nini. Nataka mtu aliyezoea bia na soda auonje uchungu wenyewe, kisha arudi kuomba tena. Nimefanya kazi ya jikoni Milano miaka sita, kila jioni napita kando ya meza zilizojaa glasi nyekundu, na naamini kabisa kwamba kinywaji hiki kinapendeka kikitengenezwa kwa uangalifu. Wengi wetu tumekionja mara moja tu, kikiwa vuguvugu, kimemiminwa ovyo, tukakiapia hatukigusi tena.

Nilichonacho leo: chupa ya lita moja ya Campari (huku Italia inauzwa ikiwa na asilimia 25 za kilevi), chupa ya jini, yaani ile pombe nyeupe ya mreteni, chupa ya vermuti nyekundu (divai ya mitishamba) iliyokuwa kabatini tangu Juni, kipimo cha toti chenye alama za mililita, mizani ya jikoni, kijiko kirefu na chujio. Lita moja, kwa mililita 30 kila glasi, ni glasi 33. Zinatosha kujifunzia.

Jumapili, 7 Septemba

Negroni ya kwanza. Kanuni yake ni fupi kuliko kanuni ya chai: jini mililita 30, Campari 30, vermuti nyekundu 30, barafu, kipande cha chungwa. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa Firenze mwaka 1919, Caffè Casoni, pale bwana mmoja wa ukoo wa kimwinyi, Camillo Negroni, alipomwomba mtu wa kaunta, Fosco Scarselli, aikaze Americano yake, yaani Campari, vermuti na soda, kwa kutoa maji ya soda na kutia jini.

Yangu haikuwa nzuri. Mdomoni ilianza na utamu mzito, ikafuata pombe kali, uchungu ukaja mwisho ukaparua koo na kukaa hapo. Barafu nayo ilinukia samaki, maana friza yangu ni ndogo na kila kitu kimelala pamoja. Nimeimwaga nusu.

Nikakumbuka kosa tunalofanya jikoni kila mara: chakula kikiwa kibaya, mtu anakimbilia kuongeza kitu. Vijana wengi wakiona Negroni imewashinda huongeza sharubati ya sukari. Mimi sitaongeza. Campari ina sukari nyingi tayari, ila uchungu unaifunika usiisikie. Ukiongeza nyingine unapata dawa ya kikohozi.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimefanya kazi ya maana kuliko zote hadi sasa, na ilikuwa ya mizani.

Kwanza barafu. Nimenunua vibao viwili vya kugandishia vyenye mfuniko, vile vya vipande vikubwa vya mraba, nikaviweka kwenye mfuko uliofungwa, mbali na samaki. Barafu ikitoka friza lazima iwe kavu. Ukiishika ikukamate vidole kidogo. Ikiwa inang'aa maji kwa juu, imeanza kuyeyuka, na itakumwagia maji kabla haijapooza chochote.

Kisha nikapima. Vipimo vitatu vya mililita 30 vikiwa pamoja vilikuja gramu 92. Nikatia barafu kwenye jagi, nikakoroga polepole huku nimewasha saa ya simu, nikachuja, nikapima tena. Baada ya sekunde 15: gramu 105. Nikaanza upya na mchanganyiko mwingine, sekunde 30: gramu 115. Upya tena, sekunde 45: gramu 119. Upya tena, dakika nzima: 121. Yaani maji huingia kwa kasi mwanzoni, halafu kinywaji kikishapoa sana barafu haina tena joto la kuiyeyusha na mambo yanatulia.

Nikazionja nne kwa mpangilio. Ya sekunde 15 bado inagombana, kila pombe inasema peke yake. Ya sekunde 30 ndipo nilipoweka kijiko chini. Uchungu upo, umekaa katikati ya ulimi badala ya kukwangua koo, na nyuma yake nikasikia ganda la chungwa na kitu kama karafuu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo kabisa. Hakuna nilichoongeza isipokuwa maji, gramu 23 za maji. Ya sekunde 45 bado ni nzuri, kwa mtu anayeanza pengine ni nzuri zaidi. Ya dakika nzima imeanza kupwaya.

Kwa hiyo Negroni haina viungo vitatu, ina vinne, na cha nne hakiandikwi kwenye chupa. Robo ya uzito wa pombe iwe maji. Nimeandika kwa kalamu nene ukutani juu ya sinki: SEKUNDE 30, ROBO MAJI.

Jumapili, 14 Septemba

Vermuti. Ile ya kabatini imekaa miezi mitatu wazi, karibu na jiko. Leo nimenunua mpya na kuonja zote mbili peke yake, bila kitu. Mpya ina harufu ya mitishamba, vanila, zabibu kavu. Ya zamani imepooza, ina harufu ya karatasi iliyolowa na uchachu kidogo. Vermuti ni divai iliyoongezwa pombe na kutiwa mitishamba. Ikifunguliwa inaharibika kama divai yoyote, ila polepole. Inakaa friji, na mwezi mmoja au miwili inatosha. Nusu ya ubaya wa glasi yangu ya kwanza ulitoka humo, na mimi nilikuwa nailaumu Campari.

Ya zamani nimeitia kwenye mchuzi wa vitunguu. Mpya nimeibandika tepu yenye tarehe.

Jumapili, 21 Septemba

Siku ya mapumziko, nimetembea mjini kujifunza kwa macho.

Nimeanzia Galleria Vittorio Emanuele II, ile njia ya maduka yenye paa la kioo, kwenye baa ya Camparino. Gaspare Campari alibuni kinywaji chake Novara mwaka 1860, kisha akahamia Milano na kufungua mgahawa wake hapohapo kwenye Galleria ilipojengwa. Mwanawe Davide akafungua Camparino mwaka 1915, upande wa pili wa lango, akaweka mfumo wa mabomba ulioleta maji ya soda baridi kutoka chini ya sakafu hadi kaunta bila kukatika. Hilo limenigusa. Zaidi ya miaka mia iliyopita mtu huyu alijua kwamba shida ya kinywaji chake haikuwa chupa, ilikuwa kuyapata maji baridi yenye nguvu kila dakika. Nimeagiza Campari na soda, nikaangalia mkono wa aliyemimina. Glasi ilikuwa imetoka kwenye baridi, Campari pia ilikuwa baridi, soda ikashuka kwa nguvu ikainua povu jekundu lililogeuka waridi. Hakuweka barafu hata kipande. Kila kitu kikiwa baridi tangu mwanzo, barafu haihitajiki.

Jioni nikaenda Bar Basso, mtaa wa Plinio. Hapa ndipo Mirko Stocchetto alipotengeneza Negroni Sbagliato, mwaka 1972. "Sbagliato" maana yake iliyokosewa: mahali pa jini panaingia divai nyeupe yenye mapovu. Inaletwa kwenye glasi kubwa ajabu yenye pande moja la barafu. Ni laini na nyepesi, uchungu unapanda juu ya mapovu na kushuka nayo. Nimeiwekea alama kwa ajili ya wale watakaotaka kunywa taratibu huku wakiongea, maana mbili za Negroni halisi zinamtosha mtu kwa jioni nzima na wengine hazifiki mbili.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, ananywa Milano-Torino. Hiyo ndiyo bibi yao wote: Campari ya Milano na vermuti ya Torino, mji ambako Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza vermuti yake mwaka 1786. Ukiongeza soda inakuwa Americano, ukiondoa soda ukatia jini ni Negroni, ukitia wiski ya mahindi ya Marekani mahali pa jini ni Boulevardier. Ukishaona ukoo huu, hukariri tena kanuni. Unajua nani ndugu ya nani.

Jumapili, 28 Septemba

Ganda la chungwa. Nimelishughulikia kwa saa mbili nzima, na haikuwa kupoteza muda.

Nakata ukanda wa ganda kwa kisu cha kumenyea viazi, mrefu kama kidole cha kati, bila kwenda ndani mpaka ile nyama nyeupe. Ule weupe una uchungu wake, mkavu, usio na harufu. Kisha naushika ukanda kwa vidole vya mikono miwili juu ya glasi, upande wa rangi ukitazama chini, na kuubinya mara moja. Ukifanya hivi taa ikiwa nyuma ya glasi unaona ukungu mwembamba ukiruka na kutua juu ya kinywaji, halafu vitone vidogo vinaelea, kama mafuta ya tui juu ya mchuzi ulioiva. Pua inafika kwenye glasi kabla ya mdomo. Mtu akishasikia chungwa, ulimi unaupokea uchungu kama mwenzake wa chungwa, haushtuki.

Nikaweka glasi mbili mbele ya jirani yangu wa Bukoba tunayeishi naye ghorofa moja, moja na ganda, moja bila. Hakujua tofauti yake ni nini. Akasema ya kwanza ina sukari zaidi. Zilikuwa mchanganyiko mmoja kutoka jagi moja.

Hapo nikawakumbuka wapishi wa Tanga na madanzi yao. Danzi ndilo chungwa chungu lenyewe, tunda lilelile ambalo ganda lake limo kwenye pombe nyingi za aina hii huku. Aperol, ile ya rangi ya machungwa iliyotolewa Padova mwaka 1919 na ndugu wawili wa ukoo wa Barbieri, inatambulika kwa machungwa machungu na matamu kwa pamoja. Watu wa pwani wanakamulia danzi kwenye samaki na hakuna anayesema amelishwa dawa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Shangazi amefika kutoka Moshi, kaja kwa ajili ya sherehe. Atakaa kwangu wiki moja kabla ya kwenda Padova. Baada ya shikamoo, mizigo na habari za nyumbani, akaona jagi na mizani mezani akauliza ninapika nini. Nikamwambia. Akasema, "Hebu nionje hicho unachotaka kuwapa watu."

Nikampa kidogo sana, kwenye kikombe cha kahawa, Negroni ya sekunde 45. Akakishika mdomoni muda mrefu. Nilikuwa nangoja akunje uso. Hakukunja. Akameza, akaangalia kikombe, akauliza: "Humu mmetia gome gani?"

Sijawahi kusikia mtu akiuliza swali sahihi namna hiyo. Wote niliowaonjesha wameuliza kwa nini ni chungu. Shangazi yeye amepika mbege maisha yake yote. Kule Kilimanjaro ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, zinachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Msesewe ukipungua mbege inakuwa uji mtamu tu, inachosha. Ukizidi, watu wanaitema. Nimekua nikimwona akionja maji ya msesewe kwa ncha ya kidole kabla ya kuyatia, na miaka yote sita hapa Milano sikuwahi kuziunganisha hizi mbili.

Nikamwambia mchanganyiko wa Campari ni siri ya kiwanda. Wanachosema ni mitishamba, matunda, pombe na maji. Akauliza na wekundu wake. Hilo nalijua: kwa miaka mingi ulitoka kwa wadudu wadogo wa kochinili, wanaoishi juu ya mpungate, wakakaushwa na kusagwa. Mwaka 2006 kampuni iliacha wadudu hao katika nchi nyingi. Akatikisa kichwa akasema afadhali hivyo.

Kisha akanipa ushauri ambao nimeuandika neno kwa neno: "Kitu kichungu hakinywewi kwa kiu. Wape kidogo, wape na cha kutafuna, halafu waache waongee."

Jumapili, 5 Oktoba

Swali la gome limeninyima usingizi kidogo, basi asubuhi nimekaa na shangazi na chupa zote nilizonazo kupanga uchungu kwa aina zake.

Pombe chungu za Italia, amaro kwa lugha yao, nyingi zimejengwa juu ya mzizi wa jentiana, mmea wa milimani wenye maua ya njano. Uchungu wa jentiana ni safi na mrefu, unaanza taratibu na kukaa. Kuna uchungu wa gome la mkwinini, ambao Waswahili wa zamani wanaujua kutoka kwenye vidonge vya malaria. Mti huo Wajerumani waliujaribu Amani kwenye milima ya Usambara, na huko Kivu, Kongo, mashamba yake yapo hadi leo. Kuna pakanga ndani ya vermuti. Kuna majani ya artichoki ndani ya Cynar, ya mwaka 1952, yenye asilimia 16.5 tu za kilevi: uchungu wa majani, wa kijani kibichi, unaonikumbusha mchunga uliochemshwa mara moja. Na kuna Fernet-Branca, ya Milano tangu 1845, asilimia 39, inayopiga kama mnanaa na shubiri kwa wakati mmoja. Shangazi ameionja hiyo akasema hii sasa ndiyo dawa, tuiweke kando.

Mchana nimejaribu chumvi. Gramu 20 za chumvi kwenye gramu 80 za maji, nikakoroga mpaka ikayeyuka yote, nikaitia kwenye kichupa cha matone ya macho kilichooshwa vizuri. Matone mawili kwa glasi moja. Husikii chumvi hata kidogo, ila ule ukali wa mwisho unashuka na chungwa linapanda. Chumvi huupunguza uchungu ulimini, na ndiyo sababu bibi zetu walisugua nyanya chungu kwa chumvi kabla ya kuzipika. Tone la tatu lilizidi. Mawili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Garibaldi, kwa ajili ya wale wasiotaka kali. Campari mililita 45, juisi ya machungwa 120, basi. Jina lake ni la Giuseppe Garibaldi: wekundu ni mashati ya askari wake, machungwa ni Sicilia, kisiwa alichotua na watu wake elfu moja Mei 1860, mwaka uleule ambao kule Novara mwenzake alikuwa anabuni kinywaji.

Ni rahisi kuitengeneza vibaya. Juisi ya pakiti inalala nzito chini na Campari inakaa juu kama rangi. Siri ni kukamua machungwa muda huohuo, kuitia juisi kwenye blenda peke yake kwa sekunde kumi mpaka ijae hewa na kuwa nyepesi kama povu, kisha kuimimina juu ya Campari na barafu mbili tu. Shangazi alidhani nimetia maziwa.

Shida moja: msimu wa machungwa ya Sicilia bado. Yaliyoko sokoni Oktoba yametoka Afrika Kusini, yana utamu lakini uchachu umepungua. Nimeongeza maji ya limau kidogo, kijiko cha chai kwa glasi. Chungwa moja linanipa kama mililita 75, kwa hiyo glasi 15 zinataka machungwa 24, nitanunua 28.

Shemeji kapiga simu jioni. Amesikia kila kitu kwa dada. "Shemeji, mtu wa Padova hawezi kufanya sherehe bila Aperol Spritz, mama yangu hataelewa." Ana haki, Aperol ni ya kwao. Tumekubaliana Spritz atatengeneza yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa kanuni ya tatu za prosecco (divai nyeupe yenye mapovu), mbili za Aperol, moja ya soda. Kaahidi pia kuniletea chupa ya Cynar ya baba yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jaribio la kuchanganya mapema, maana siwezi kusimama nikakoroga glasi moja moja watu 45 wakinitazama.

Hesabu ya Negroni 22: jini mililita 660, Campari 660, vermuti 660, jumla 1,980. Maji mililita 22 kila glasi ni 484, nimeyafanya 480. Matone 44 ya maji ya chumvi. Hapa maji yanatiwa kwa mkono, hayangoji barafu, kwa sababu kinywaji kitamiminwa kikiwa baridi tayari. Nimetumia maji ya chupa. Maji ya bomba ya Milano ni mazuri lakini yana chokaa, na karibu moja ya tano ya kinywaji kizima ni maji, kila kasoro inasikika.

Nilijaribu kwa robo ya hesabu hiyo, nikaiweka friza usiku kucha nikidhani pombe haigandi. Asubuhi nilikuta uji mwekundu wa barafu. Nilipomimina, ile sehemu ya maji ilibaki chupani ikiwa imeganda na kilichotoka kilikuwa kikali, cha kuchoma. Sababu iko wazi ukipiga hesabu: jini ina asilimia 40, ila ukishachanganya zote na kutia maji, kilevi kinashuka hadi kama asilimia 22, na friza ina nyuzi 18 chini ya sifuri. Pombe hafifu namna hiyo inaanza kuganda kabla ya kufika huko. Dawa yake: friji siku nzima, kisha friza saa moja na nusu tu kabla ya wageni. Nimerudia, imetoka nzito kidogo, baridi kali, bila chembe ya barafu.

Tumekumbuka pia wageni wasiokunywa pombe, na wako wengi, wa Tanga na Unguja. Sitawapa maji na soda ya kawaida huku wengine wana glasi nzuri. Kuna chinotto, soda nyeusi ya Kiitaliano inayotengenezwa kwa tunda dogo la jamii ya danzi. Ina uchungu wa kweli. Barafu kubwa, limau, ganda la chungwa limebinywa juu, glasi ileile. Vifaa vyake vyote vitakaa meza ya peke yake, na vijiko vyake, na mtu wake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Padova. Chupa ziko friji ya ukumbi. Nimekata zeituni, karanga zimekaangwa na chumvi, dada ametengeneza sambusa ndogo za nyama. Glasi nimezipanga ndogo, za mililita 120, ila nitazijaza nusu, kama alivyosema shangazi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimelala kwa saa nne tu. Naandika kabla sijasahau.

Saa kumi na mbili jioni wageni waliingia. Nusu glasi za Negroni zilikuwa 44, maana kila Negroni niliigawa mara mbili. Za kwanza zilichukuliwa na ndugu wa shemeji, bila maswali. Watu wetu walisimama upande wa sambusa wakiangalia. Shangazi akaja mezani, akachukua yake, akarudi kukaa katikati yao, akanywa polepole huku anaongea habari za kahawa ya Kibosho. Baada ya hapo walianza kuja mmoja mmoja.

Wapo waliorudisha. Kaka mmoja wa Verona alionja akaweka chini, akaomba bia, nikampa. Dada wawili walikunja uso kwenye funda la kwanza, wakala sambusa, wakanywa la pili, na glasi zao zilirudi tupu. Sambusa ina mafuta, chumvi na pilipili, na uchungu unasafisha mdomo unabaki unataka kipande kingine. Niliona hivyo kwa macho yangu mara nyingi jana: mkono wa kushoto sambusa, wa kulia glasi. Zeituni hazikuguswa sana.

Saa moja na nusu Negroni zilikuwa zimebaki tatu. Garibaldi 15 ziliisha haraka kuliko nilivyopanga na machungwa yakatosha kwa ncha, manne yalikuwa mabovu ndani. Chinotto ndiyo iliyonishangaza: chupa 24 zote zilikwisha, na baadhi ya wanaokunywa pombe nao waliihamia baada ya glasi yao ya kwanza. Wakati mwingine nitanunua mara mbili.

Kosa langu: ganda la chungwa nilianza kulibinya vizuri, glasi kumi hivi, halafu watu wakawa wengi nikawa natupia tu. Tofauti ilisikika. Mama yake shemeji alichukua ya mwanzo na ya baadaye, akaja kuniuliza kama nimebadilisha chupa. Kazi hiyo inataka mtu wa pili anayesimama na kisu, asifanye kingine.

Dada alikunywa Americano, moja tu, ndefu, yenye soda nyingi. Alipomaliza alinipa glasi bila kusema neno, nikamjazia nyingine.

Kwenye chupa ya pili ya Campari imebaki kama robo. Vermuti nimeifunga, tepu yenye tarehe, friji ya dada. Cynar ya baba yake shemeji haijafunguliwa, nimeipakia kwenye begi nikaifungia sweta. Jumamosi ijayo naianza na mizani.